Jiwe langu la pairaiti limetoa unga na kutoboa kitambaa: ni husuda, ni feki, au nimeliharibu mwenyewe?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Shikamoo mtaalamu. Miezi minane iliyopita nilinunua kishada cha pairaiti, lile jiwe linalong'aa kama dhahabu, michemraba iliyoshikana, ukubwa wa kiganja. Niliambiwa ni jiwe la riziki na kinga. Kila wiki nimekuwa nikililaza kwenye maji ya chumvi usiku kucha ili kuliondolea nguvu mbaya. Asubuhi nalifunga kwenye kitambaa chekundu na kulirudisha kwenye kisanduku cha mbao, pamoja na lulu alizoniachia marehemu bibi. Sasa limetoa unga mweupe wenye umanjano, linanuka kama kiberiti kilichowashwa, na kitambaa kimetoboka. Aliyeniuzia anasema limebeba husuda nyingi, nilizike ninunue jingine. Rafiki yangu anasema nimeuziwa feki. Nani mkweli? Na je, ipo njia sahihi ya kulitunza na kulitumia kiroho?"

Marahaba, mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kazitoe zile lulu za bibi. Zifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, zikaushe, uziweke mbali kabisa na lile jiwe, halafu urudi hapa. Lulu imejengwa kwa kalsiamu kaboneti, na kilichotoboa kitambaa chako ni asidi. Hivyo viwili havilali kisanduku kimoja.

Umerudi? Haya. Muuzaji kakosea na rafiki yako kakosea. Jiwe si feki, na ushahidi wake ni huo huo unga unaokutisha, maana resini iliyopakwa rangi ya dhahabu haitoi unga wala hainuki kiberiti. Wala halijabeba husuda ya mtu. Linaoza. Na kinachoniuma kukuambia ni kwamba lililoliozesha ni ule usafi wako wa kila wiki, ulioufanya kwa nia njema kabisa na kwa kufuata maelekezo uliyopewa.

Pairaiti safi ni chuma na salfa, hakuna zaidi. Chembe moja ya chuma kwa mbili za salfa, FeS₂ kama wanakemia wanavyoandika. Kwa uzito, chuma ni kama asilimia 46.6 na kilichobaki ni salfa. Salfa ndiyo ile ambayo Kiswahili cha zamani kiliita kiberiti, kabla jina halijahamia kwenye njiti za kuwashia moto, kwa hiyo uliposema linanuka kiberiti ulisema kweli mara mbili. Hewa yenye unyevu inapoligusa jiwe hili, oksijeni na maji vinaivamia salfa hiyo, na mazao yake ni mawili: salfeti ya chuma, ambayo ndiyo huo unga mweupe, wa manjano au wa kijanikijani, na asidi ya salfuriki, ile ile ya kwenye betri za magari, ingawa hapa ni kidogo sana na inatoka polepole.

Ubaya wake ni kwamba ugonjwa huu hujilisha wenyewe. Ule unga hunywa unyevu kutoka hewani na kulibakisha jiwe likiwa limelowa hata siku ambayo hukulitia maji. Tena unachukua nafasi kubwa kuliko pairaiti uliyotokana nayo, hivyo unapoota ndani ya ufa unausukuma ufa uzidi kufunguka, sehemu mpya inapata hewa, na mchezo unaanza upya. Chumvi imezidisha. Maji yalipokauka, chembe zake zilibaki ndani ya nyufa, nazo pia huvuta unyevu. Kisha ukalifunga kwenye kitambaa kikazuia lisikauke, ukalifungia kwenye mbao. Ungeniuliza namna ya kuiharibu pairaiti kwa haraka bila kutumia nyundo, nisingekuwa na maelekezo mazuri kuliko hayo.

Kwenye makumbusho ya madini hali hii ina jina, huitwa ugonjwa wa pairaiti, na watunzaji wanaiogopa kama wakutubi wanavyoogopa mchwa. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 kwa muda mrefu, mawe dhaifu huanza kuoza, kwa hiyo vielelezo vya aina hiyo huwekwa chini ya asilimia 50, na vile vinavyougua haraka chini zaidi ya hapo.

Nimesema mawe dhaifu kwa sababu pairaiti hazifanani. Ile michemraba mikubwa inayong'aa kama kioo, inayochimbwa Navajún huko Hispania, inaweza kukaa mezani kwa miongo isipate hata doa. Pairaiti ya chembe ndogondogo haina ustahimilivu huo, ile iliyojijenga ndani ya makaa ya mawe, ndani ya udongo mweusi wa mfinyanzi wa baharini, au mahali pa gamba la kiumbe wa kale. Chembe zikiwa ndogo, eneo linaloguswa na hewa ni kubwa. Kishada chako kiko katikati: fuwele zake ni nzuri, lakini pale zinaposhikana chini kwa kawaida kuna tabaka la chembe ndogo, na nina hakika ukichungulia kwa kioo cha kukuzia utakuta unga umeanzia hapo, si kwenye nyuso za michemraba.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa na amonaiti, jamaa wa kale wa ngisi na pweza mwenye gamba la kujikunja, ambaye gamba lake lote lilikuwa limegeuka pairaiti. Nilimweka kwenye kijisanduku cha karatasi ngumu juu ya pamba, na chini yake nikaweka lebo niliyoandika kwa mkono mahali alipookotwa na tabaka la mwamba alimotoka. Droo nikaifunga, misimu ikapita. Nilipoifungua nilikutana kwanza na harufu. Pamba ilikuwa imekuwa kahawia na inakatika kama mkate mkavu. Amonaiti alikuwa amegawanyika vipande vitano, na katikati ya kila kipande kulikuwa na nywele nyeupe nyembamba, laini kama ukungu wa chakula kilicholala. Lebo nilipoishika ilivunjika vidoleni. Jiwe lingine ningeweza kulipata, lakini yale maandishi yalikuwa nakala pekee, na hadi leo sijui kwa uhakika yule amonaiti alitoka tabaka gani. Tangu siku hiyo kila lebo naiandika mara mbili.

Usidhani ni balaa la masandukuni tu. Mto Rio Tinto, kusini magharibi mwa Hispania, una maji mekundu na makali ya asidi kwa sababu unapita kwenye miamba iliyojaa pairaiti na machimbo ya maelfu ya miaka. Huko Ireland, nyumba nyingi zilipasuka kuta na kufutuka sakafu baada ya kujengwa juu ya kifusi chenye pairaiti: asidi ilikutana na chokaa ya kwenye kifusi, ikazaliwa jasi, jasi ikavimba, na sakafu ikanyanyuka. Ni kile kile kinachotokea ndani ya kishada chako, kwa kipimo cha mtaa mzima.

Sasa tulihudumie jiwe. Vaa glavu, toka nje au kaa dirishani, ulisugue kwa mswaki laini mkavu mpaka unga wote uliolegea udondoke kwenye karatasi. Usiupulize kwa mdomo, utaingia machoni na puani. Kunja karatasi uitupe. Kisha chukua spiriti safi ya asilimia 90 au zaidi, lowesha mswaki mwingine, upitishe kwenye nyufa na kwenye tako la kishada. Spiriti hufukuza maji na kukauka haraka. Ila fanya hivyo mbali na jiko, mshumaa au chetezo, maana inashika moto kabla hujapepesa jicho. Liache jiwe kwenye hewa kavu siku nzima. Baada ya hapo litie kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vipakiti vitano sita havizidi. Kama unaweza kupata kipima unyevu kidogo cha mezani, kitie humo humo ujue hali halisi badala ya kubahatisha. Kisanduku cha mbao kistaafishe, na kitambaa kitupe hata kama sehemu kubwa bado inaonekana nzima, kwa sababu asidi imeshaingia kwenye nyuzi.

Makumbusho yana tiba nyingine, mvuke wa amonia na dawa za kuondoa salfeti. Usijaribu hizo nyumbani. Wala usilipake jiwe rangi ya kucha au vanishi ukidhani unalifunga lisipumue: unyevu na chumvi vilivyokwisha kuingia utavifungia ndani, na ganda litabanduka likiwa na vipande vya jiwe.

Kuhusu feki, nikupe njia za kuhakikisha siku nyingine, kwa sababu swali la rafiki yako ni zuri hata kama jibu lake halikuwa sahihi. Watu wengi wakiona mchemraba wa pairaiti hawaamini kwamba ardhi inaweza kutoa pembe zilizonyooka namna ile, wanadhani umekatwa kwa mashine. Ndivyo unavyoota. Utazame ule uso kwa pembeni, mwanga ukiupiga kwa mshazari: utaona mistari myembamba sambamba kama ya kitambaa cha kodrai. Geuza mchemraba kwenye uso wa jirani, mistari imebadili mwelekeo, imekuwa mkingamo wa ile ya kwanza. Geuza tena, imebadilika tena. Hicho ni kitu ambacho kalibu ya resini haikumbuki kukifanya vizuri. Wakati mwingine pairaiti haiwi mchemraba kabisa, inakuwa umbo la nyuso 12, kila uso na pembe tano, na huko Illinois, Marekani, kwenye migodi ya makaa ya mawe, hutoka visahani bapa vyenye miali kama jua lililochorwa na mtoto.

Njia nyingine: chukua kigae, ukigeuze upande wa nyuma ambao haukung'arishwa, ukwaruze jiwe kwa kona moja isiyoonekana. Pairaiti huacha mstari mweusi wenye ukijani au ukahawia, wakati dhahabu huacha mstari wa manjano wa dhahabu. Kwa kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs, cha 1 hadi 10, pairaiti iko 6 hadi 6.5, hivyo wembe wa kisu cha kawaida kwa shida sana utaikwaruza. Dhahabu iko 2.5 hadi 3, ukiichoma kwa sindano inabonyea. Pairaiti ukiigonga inavunjika, dhahabu ukiigonga inatandazika. Na uzito hausemi uongo: pairaiti ni nzito mara tano ya maji, dhahabu mara 19 na zaidi. Jamaa mwingine wa kuchanganya ni kalikopairaiti, yenye shaba ndani, ambayo ni laini zaidi na hupata rangi za tausi ikikaa. Ukikuta "pairaiti" yenye zambarau na buluu kali kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi, mara nyingi ni hiyo, tena iliyotiwa asidi kusudi. Markasaiti nayo ina mapishi yale yale ya FeS₂ ila imepanga chembe zake kwa mtindo mwingine, na huoza kwa urahisi. Jambo la kuchekesha ni kwamba vito vinavyouzwa kwa jina la markasaiti karibu vyote ni pairaiti iliyochongwa. Zamani jina hilo liliyahusu mawe yote mawili, na sonara hawana haraka ya kulibadilisha.

Jina la "dhahabu ya wajinga", ambalo pairaiti imepewa kwa kufanana na dhahabu, nalo silipendi sana. Kuna machimbo, kama yale ya Carlin huko Nevada, ambako dhahabu yenyewe imejificha ndani ya pairaiti, kwa chembe ndogo zisizoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Mjinga hapo ni aliyelitupa jiwe. Lakini shika neno hili, litakufaa mbele: dhahabu iliyojificha namna hiyo kwa kawaida huwa na mwenzake, naye ni aseniki.

Tuje kwenye roho, ambako naona ndiko moyo wako uliko.

Binadamu amelitazama jiwe hili kama kitu kisicho cha kawaida tangu kale, na sababu ya kwanza ni moto. Jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la moto, pyr. Ukiligonga kwa jiwe la gumegume, vijipande vya pairaiti hubanduka vikiwa vinaungua, na cheche zikidondokea kwenye kitu kikavu umepata moto. Yule mtu wa kale aliyekutwa mwaka 1991 kwenye barafu ya milima ya Alps, aliyeishi miaka kama 5,300 iliyopita, alikuwa na uyoga wa kuwashia moto kwenye mkoba wake wa kiunoni, na juu ya uyoga ule zilionekana chembe za pairaiti. Karne ya 16 mafundi wa Ulaya walitengeneza bunduki za gurudumu la chuma linalosugua kipande cha pairaiti ili kuwasha baruti. Watu walioona moto ukitoka ndani ya jiwe baridi walikuwa na haki ya kustaajabu.

Sababu ya pili ni mng'ao. Katika Meksiko ya kale na nchi za Wamaya, mafundi walichonga vigae vyembamba vya pairaiti, wakaving'arisha, wakavipanga bila pengo juu ya kibao cha jiwe mpaka ikawa kioo. Vioo hivyo walikuwa navyo wakubwa, na vilihusishwa na kupiga ramli, kutazama yasiyoonekana. Vingi vilivyofukuliwa leo havionyeshi sura ya mtu tena. Vigae vimekuwa tabaka la kutu ya manjano na kahawia juu ya kibao. Umeona? Hata kioo cha mfalme kilipata ugonjwa wa kishada chako.

Mafundisho ya leo, haya uliyoambiwa dukani, ni ya juzi. Yalishika kasi miaka ya 1970 na 1980 kwenye vuguvugu la tiba za fuwele la Ulaya na Marekani, likachanganya mambo ya huku na huku. Wanafundisha kwamba pairaiti ni jiwe la jua na la moto, linaita wingi wa mali, linampa mtu ujasiri wa kusema na kutenda, linarudisha ubaya kwa aliyeutuma kama kioo kinavyorudisha mwanga. Wanalihusisha na Manipura, chakra ya tatu, yaani kituo cha nguvu mwilini kwa imani hiyo, iliyo juu ya kitovu, na wanashauri liwekwe kwenye meza ya kazi au mahali fedha zinapohesabiwa. Chakra zenyewe ni elimu ya kale ya India. Kuzigawia kila moja jiwe lake ni nyongeza ya baadaye.

Je, linafanya kazi? Nitakujibu kama ninavyowajibu watoto wangu. Sijawahi kukuta njia yoyote ambayo chuma na salfa vingeweza kumtafutia mtu wateja. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Christopher French wa chuo cha Goldsmiths, London, aliwasilisha jaribio lake la watu 80 walioshika fuwele huku wametulia. Baadhi walipewa fuwele halisi za kwazi, wengine bandia, bila kujua. Waliosikia joto, msisimko au utulivu walikuwa pande zote mbili sawia, na waliosikia zaidi ni wale walioelezwa mapema watarajie nini. Wapo wanaosoma matokeo hayo wakasema basi tupa mawe yote. Mimi siyasomi hivyo. Watu wale kweli walitulia, ila utulivu ulitoka kwao wenyewe. Jiwe lilikuwa kishikizo, kama tasbihi inavyoishikilia hesabu ya mwenye kusali bila kusali kwa niaba yake.

Kwa hiyo ukitaka kulitumia, litumie kama kishikizo. Asubuhi kabla ya kazi lishike, uzito wake wenyewe unakurudisha mahali ulipo, maana ni zito kuliko mkono unavyotarajia na ni baridi. Tazama ile mistari kwenye nyuso zake na utaje jambo moja la fedha utakalolifanya siku hiyo. Moja tu, na liwe la kufanyika: kumpigia mtu anayekudai, kuandika matumizi ya jana, kupeleka bei uliyoogopa kuipeleka. Kisha liweke juu ya daftari la hesabu, ili kila ukitaka kulifungua ulazimike kulinyanyua. Ninamfahamu mfanyabiashara aliyefanya hivyo mwaka mzima, na anaapa jiwe limembadilishia maisha. Nikimuuliza amefanya nini tofauti, ananiambia ameanza kuandika mapato na matumizi. Simbishii.

Kuhusu kulisafisha kiroho, mila hizo zina njia nyingi, na hakuna hata moja inayolazimisha maji. Moshi wa ubani au udi haulidhuru, mradi usilifukize mpaka likapata masizi. Sauti ya kengele au ya bakuli la shaba hailidhuru kabisa. Mwanga wa mwezi ni sawa likiwa ndani ya dirisha. Ukilitoa nje usiku litaamka na umande, na umande ni maji. Jua nalo halibadilishi rangi yake. Chumvi kavu, ambayo wengi hudhani ni salama kwa kuwa haina maji, usiitumie: chumvi hunywa unyevu, na hewa ikiwa na unyevu mwingi jiwe litajikuta kwenye matope ya chumvi. Na wale wanaolaza mawe yao juu ya selenaiti ili "yajichaji", wajue selenaiti ni jasi, ugumu wake 2. Pairaiti ya ugumu wa 6 itaikwaruza kila ikisogezwa.

Kuna jambo moja ambalo sitalizungumza kwa upole. Wapo wanaotia mawe kwenye chupa ya maji ya kunywa ili wapate "nguvu" yake. Kwa pairaiti, kamwe. Umeshaona inavyotoa salfeti na asidi ikiguswa na maji, na nimekutajia aseniki inayoweza kujificha ndani yake bila kuonekana. Usiliweke kwenye maji ya kuoga, usilisage, na mtu akitaka kulitoboa au kulikata kwa ajili ya kidani, afanye fundi mwenye maji ya kupoozea na barakoa, si mtu jikoni na drili. Kidani chenyewe kivae juu ya nguo, maana jasho ni maji na chumvi, na tumeshaona hivyo viwili vilivyofanya. Usilale nacho. Ukishika jiwe linalotoa unga nawa mikono kabla ya kula, na watoto wasilifikie.

Muuzaji anataka ulizike. Ukizika, litamaliza kuoza kimya kimya, na udongo wa hapo utapata asidi kidogo na kutu. Kishada kimoja hakitaua bustani, ila usikizike penye mboga. Binafsi nisingezika. Michemraba yenyewe, kwa unavyoieleza, bado ina nyuso nzima, na nimeona mawe yaliyochakaa kuliko hilo yakitulia baada ya kukaushwa.

Fanya hivi. Ukishalitia kwenye boksi lake na silika jeli, litandikie chini kipande cha karatasi nyeusi. Andika tarehe kwenye mfuniko. Usilifungue kwa siku 30, hata kwa nia njema. Siku ya 31 linyanyue utazame karatasi. Ikiwa safi, jiwe limetulia na unaweza kuanza kulitoa asubuhi kwa dakika zako tano na kulirudisha. Ukikuta vumbi jeupe, badilisha silika jeli, lisugue tena kwa spiriti, uhesabu 30 nyingine. Na kama hata baada ya mara ya tatu linaendelea kumwaga unga, niandikie uniambie unga unatokea upande gani wa kishada. Huenda tako ndilo linaloumwa peke yake, na fundi mzuri anaweza kulitenga ukabaki na michemraba miwili mitatu iliyo mizima.